Yordani Semboja, Kiti Chake na Mlango wa Dada Yake

Padri wetu, mashehe mliopanda kutoka bondeni kuja kutuzikia, wazee wa Kwelugoma na wageni wa Korogwe, mimi ni Stefano Mdoe, mtoto wa baba mdogo wa marehemu, na familia imenikabidhi maisha ya ndugu yetu niyasome kwa sababu moja tu, kwamba yote niliyaona kwa macho yangu haya, hakuna nililosimuliwa, na hata siku aliyozaliwa, ambapo mimi mwenyewe nilikuwa bado sijafika duniani, niliwakilishwa na baba yangu, aliyetumwa mbio kumwita mkunga akakuta mkunga ameshafika, kwa hiyo mwenye mashaka na tarehe yoyote aje kwangu baada ya chakula, asiende kunong'ona uani.

Yordani Semboja alizaliwa tarehe 14 Machi 1924 katika kambi ya mkonge upande wa Mazinde, kwa Mzee Semboja Mdoe, mkata mkonge aliyetoka Handeni kwa miguu, na mama yetu Fatu binti Rehani, ambaye ukoo wake ni wa Kiislamu na ulikubali kumwoza kwa Mkristo kwa sharti kwamba asilazimishwe kula nguruwe, sharti ambalo halikumtaabisha mtu, maana kambini pale hata dagaa alikuwa sikukuu. Katika watoto wote aliowazaa mama huyo walikua wawili tu, Yordani na mdogo wake Hilaria, aliyezaliwa Agosti 1937, na mama alipokuwa anakata roho mwaka 1951 alimshika binti mkono akauweka katika mkono wa kaka yake akasema, "Yordani, huyu asiwe na njia ndefu ya kuja kwako," na maneno hayo myashike, kwa sababu maisha yote ya marehemu yalizunguka hapo kama ng'ombe aliyefungwa kwenye mti.

Elimu yake aliipata katika shule ya misheni Korogwe kuanzia mwaka 1933 hadi 1937, akamaliza darasa la nne, na angeendelea mbele kama baba asingeumizwa mguu na reli ya mkonge, lakini darasa la nne la wakati ule, ambalo na mimi ninalo, halikuwa la kuchezea, kwani Yordani aliweza kusoma gazeti likiwa limegeuzwa juu chini, jambo lililomfaa sana wakati karani wa kambi alipokuwa akisoma la kwake upande wa pili wa meza. Tatizo moja alilotoka nalo shuleni, na nalisema kwa upendo, ni kuwaheshimu mno watu waliosoma kuliko yeye, kwa imani kwamba kila jambo lina mwenyewe aliyelisomea, na mwenyewe huyo akishafika wengine tunakaa chini.

Kazi ya mkonge aliianza mwaka 1940, akakata, akafunga, akahamishiwa korona, kwenye mashine za kuchakata mkonge, na mwaka 1946 akapandishwa kuwa mnyapara wa kikosi, na kwa kuwa msiba si mahali pa kupaka rangi ukuta uliopasuka, tunasema wazi kwamba mnyapara wa enzi zile alikuwa na fimbo, na Yordani alikuwa na yake, ya mkwaju, na aliitumia. Mwaka 1949 alifunga ndoa na Bi Afisa, huyu mama yetu aliyekaa kwenye mkeka, naye ndiye aliyemzalia Eliasi, Mikaeli na dada yao mliyemwona akipokea wageni, na Bi Afisa ameniruhusu niseme kwamba fimbo ile haikuvuka kizingiti cha nyumba yake hata mara moja, kwa sababu siku ya kwanza tu aliyorudi nayo kutoka kazini aliichukua akaichochea jikoni kama kuni, akamwambia, "Ya kambini iishie kambini, mume wangu, hapa tunapika."

Usiku wa kuamkia Uhuru meneja mmoja wa shamba alifungasha mizigo yake, akamwachia Yordani kiti kikubwa cha mikono, cha mbao nyekundu, chenye mgongo wa kamba, na kuanzia siku ile kiti kile kikawa ndugu wa tatu katika familia, akaja mkuu wa kazi, kiti, akaja bwana shamba, kiti, akaja askofu, kiti, na Yordani alikibeba mwenyewe kichwani hata pale mgeni alipokuwa ameketi tayari juu ya kitu kingine, na alipoacha mkonge mwaka 1963 akahamia huku Handeni kulima pamba na mahindi, aliingia kijijini kwa baba zake na mke, watoto, kuku watano na kiti.

Sasa turudi kwa Hilaria. Aliolewa tarehe 6 Julai 1957 na Ernesti, kijana aliyekuwa katika kikosi cha Yordani kambini, na mshenga wa posa ile alikuwa Mzee Mhina, ambaye yupo nasi leo na umri wake hausomeki, na nao pia walihamia huku kulima, wakajenga ng'ambo ya bonde, mwendo wa kuvuka vijito viwili kutoka kwa Yordani. Ernesti alikuwa mchapakazi, alikuwa mcheshi pombeni, na alikuwa anampiga mke wake. Wazigua tunajua utaratibu wetu, mwanamke akipigwa haendi kushtaki, anaweka kanga kichwani, anatoka mikono mitupu, bila jembe, bila mtungi, anashika njia ya kwao, na njia ile ndiyo mdomo wake, kwa sababu kila anayepishana naye anamwona hana mzigo, anajua, hamuulizi, na habari inamtangulia, hata akifika kwa kaka yake wazee wameshajua, na mume hawezi kumpata mpaka aje na mshenga, na mbuzi, na aketi chini asemwe mbele ya watu mpaka jasho limtoke. Hilaria alikuja hivyo mara nyingi katika miaka ile, na kila mara Yordani alimpokea, akamweka kwa majuma, na Ernesti akaja, akaketi, akasemwa, akakaa na adabu msimu mzima. Haikuwa dawa, ilikuwa kamba ya kufungia jeraha, lakini damu ilisimama.

Ikaja Operesheni Vijiji ya mwaka 1974, tukakusanywa wote hapa Kwelugoma, nyumba zikapangwa mistari kama askari, na Yordani, akikumbuka mkono wa mama yake, alimwomba bwana mpimaji kwa siku mbili, akampa kiti akalie, mpaka kiwanja cha Ernesti na Hilaria kikapimwa mkabala na cha kwake, barabara tu katikati, na jioni ile alimwambia mkewe, "Leo mama alale vizuri, njia imekuwa fupi kama alivyotaka." Katika maisha yake yote hakuna jambo alilolijutia kuliko hilo, ndugu zangu, na hakulifanya kwa ubaya. Maana Hilaria alipopigwa mara ya kwanza katika nyumba ile mpya akaweka kanga kichwani akatoka mikono mitupu, alipiga hatua chache tu akawa ameshafika, hakupishana na mtu, hakuna aliyemwona njiani kwa sababu njia haikuwepo, na kabla hajakaa vizuri Ernesti alisimama mlangoni kwake akaita kwa sauti ya kawaida, kama anayeita kuku, kwa jina la mtoto wao, "Mama Yohana, chumvi iko wapi?" na wazee walipoulizwa kama mume anapaswa kuleta mbuzi walicheka, wakasema, "Mbuzi wa nini, mtu amevuka barabara tu, kwani ameondoka?" Ndivyo mila ilivyokufa, haikupigwa vita na mtu, ilikosa mahali pa kutembelea.

Mwaka huohuo Yordani alichaguliwa balozi wa nyumba kumi, na kuna waliosema basi hapo mambo yametengemaa, kaka ndiye balozi, lakini ilikuwa kinyume, kwani kama kaka wa mke hakuruhusiwa kuingia nyumba ya shemeji yake kwenye ugomvi bila kutanguliwa na mshenga, na kama balozi hakuweza kuingia bila mlalamikaji, na mlalamikaji alikuwa dada yake, aliyelelewa kwamba mwanamke haombi, anatembea.

Mwezi Juni 1977 walifika wasomi wanne kutoka chuo kikuu, wametumwa kuchunguza kwa nini ugomvi wa mume na mke umezidi katika vijiji vipya, wakafikia kwa balozi, na Yordani alifurahi kuliko siku ya Uhuru, kwa sababu alijua wenyewe wa jambo hili sasa wamefika. Mmoja alikuwa daktari, tukamwita Bwana Mfupa, wa pili mwanasheria, tukamwita Kifungu, wa tatu mwanamke mtaalamu wa mila, Mama Mila, na wa nne mchumi, ambaye kila sentensi yake ilikuwa na jembe, basi naye akawa Bwana Jembe, na hawakuwa watu wabaya, walikula ugali wetu, walijifunza kuamkia wazee, na Bwana Mfupa alitibu vidonda vya kijiji kizima. Kila asubuhi Yordani alibeba kiti kichwani akawatangulia nyumba hadi nyumba, akakiweka, msomi akaketi, yeye akasimama nyuma akitafsiri Kizigua.

Kwa Hilaria walikwenda wote wanne, kila mmoja kwa siku yake, na Yordani alisimama nyuma ya kiti siku zote. Bwana Mfupa aliupapasa mkono wa kushoto wa Hilaria polepole, akakuta chini ya kiwiko mfupa uliowahi kuvunjika ukajiunga vibaya, akasema mfupa wa namna hii hauvunjwi na kuanguka, huvunjika kwa mtu aliyeinua mkono kukinga kichwa, na Yordani, aliyekuwa ameambiwa kwamba dada yake aliteleza kisimani, alilazimika kuyatafsiri maneno hayo kwa sauti yake mwenyewe. Kifungu aliuliza kama amewahi kushtaki, kwa nani, nani alishuhudia, akaeleza kwamba sheria ya ndoa ya mwaka 1971 inasema hakuna mume mwenye haki ya kumwadhibu mke kwa kipigo, na Hilaria akamuuliza, "Na Ernesti ameshaambiwa?" Mama Mila ndiye aliyeuliza habari za bonde, kanga na mbuzi, akashika shavu, akasema, "Kumbe mlipoletwa karibu ndipo mlipotengana," na Yordani hakupata usingizi juma zima.

Bwana Jembe alitaka kuzungumza na mume, akauliza nani analima, nani anauza pamba, na zamani alifanya kazi gani chini ya nani, na Ernesti, ambaye hakuwa mjinga, alicheka akasema, "Mkonge, bwana, na kule ukipunguza mafungu unachapwa, unanyamaza, unarudi nyumbani na mgongo wako, sasa nyumbani nako kuna kikosi, na mnyapara ni mimi," kisha akainua kidevu kuelekeza nyuma ya kiti, "Mwalimu wangu huyo hapo, muulize, si ndiye aliyekubebea kiti?" Yordani hakutafsiri, maana hapakuwa na haja, yalisemwa kwa Kiswahili safi.

Tangu siku hiyo marehemu alibeba tumaini moja, kwamba wasomi hawa siku ya mwisho watakaa pamoja, waunganishe mfupa na kifungu na bonde na jembe, kisha wamwambie yeye, kaka mtu, asimame wapi, na alipomuuliza Kifungu lini wataunganisha, alijibiwa kwa heshima kwamba kila mmoja anaandika cha kwake, ndivyo elimu ilivyo, na Yordani akamwambia Bi Afisa kitandani, "Mbuzi akishagawanywa, kila mtu na pande lake, hakuna tena wa kumsikia akilia."

Siku ya kuwaaga ilikuwa tarehe 24 Septemba 1977, saa saba mchana, watu wamejaa uani kwa balozi, wali umepakuliwa, kiti kimewekwa mbele ya mlango tayari kwa hotuba, ndipo ikasikika kutoka ng'ambo ya barabara sauti ya kitu kinachopiga na sauti ya Hilaria, mara moja, halafu ya kitu tu. Mikono ilisimama kwenye sinia. Majirani walimtazama balozi, kwa kuwa balozi ndiye mwenye nyumba kumi, balozi akatafuta kwa macho Mzee Mhina, kwa kuwa mshenga ndiye mwenye ndoa, na Mzee Mhina alikuwa amekwenda Mkumbara mnadani, Kifungu akasema kwa sauti ya chini kwamba akitoka akalalamika atamwandikia papo hapo, Bwana Mfupa akasema mleteni nimtazame, Mama Mila akainuka nusu akaketi tena, akisema yeye mgeni akiingia atawaharibia utaratibu wao, na Bwana Jembe aliangalia miguu yake. Hapo ndugu yetu Yordani alisimama, akavuka barabara, akaugonga mlango ule kwa ngumi mara tatu, akasema, "Ernesti, fungua, ni shemeji yako," na mlango ukafunguka, Hilaria akatoka, mkono wa kushoto umening'inia umevunjika palepale pa zamani, kanga kichwani, mikono mitupu, akapita katikati ya watu wote, akafika kwenye kiti cha wageni, akaketi.

Hakuna aliyewahi kumwona mwanamke wa kijiji katika kiti kile. Alikaa, akawatazama wasomi mmoja baada ya mwingine, akasema, "Haya, nipo mzima, kila mmoja achukue pake," na Ernesti alipokuja hadi ukingo wa barabara akaita kama kawaida, "Mama Yohana, twende," Hilaria alimgeukia dereva wa Landrova ya wasomi akamwomba ampeleke mbali, mahali pa kupita njia ndefu na watu wengi, "ili safari hii ionekane nimeondoka." Bwana Mfupa alimfunga mkono kwa vijiti viwili na kipande cha shuka, wakampeleka hospitali Korogwe, na kutoka hapo alikwenda Mazinde kwa wajomba, ndiko anakoishi mpaka leo, mkono haujanyooka, na Ernesti alipokwenda hatimaye na Mzee Mhina na mbuzi, Hilaria alimpokea mbuzi akawarudisha watu. Ernesti alihama kijiji mwaka uliofuata akaelekea Mpale, hatuna habari zake, na hatukumtafuta.

Wasomi walirudi chuoni, na mwaka 1980 Mama Mila alikuja kutusalimu akasema kazi imekamilika, vimeandikwa vitabu vinne, kila kimoja kimekaa kwenye kabati la elimu yake, na marehemu aliuliza, "Dada yangu yuko kabati gani?" Mama Mila alifikiri, akajibu kwa ukweli, na kwa hilo tunamheshimu, "Yuko makabati manne, mzee, na anayesoma moja mara nyingi hafiki la pili."

Marehemu aliendelea kuwa balozi hadi mwaka 1982, na jambo la mwisho alilolipitisha katika mkutano wa nyumba zake kumi, likabishaniwa siku nzima, ni kwamba barabara hii ihesabiwe kuwa bonde, mwanamke akiivuka mikono mitupu akaingia nyumba yoyote, awe ameondoka, na mume wake asimwite kwa chumvi wala kwa mtoto, aje na mshenga na mbuzi, na wanawake mlio hapa mnajua ni wangapi mmelivuka bonde hilo lisilo na maji. Alisifiwa sana kwa hilo, naye kila aliposifiwa alijibu neno moja tu, "Nimechelewa." Kiti alikipeleka Mazinde mwenyewe, juu ya basi, akampa Hilaria, na tangu hapo wageni wote wa marehemu, hata wa serikali, waliketi mkekani.

Kifua kilimwanza Agosti 1983, vumbi la korona la miaka mingi, akatibiwa Handeni, akalazwa Korogwe mara mbili, akarudishwa nyumbani Mei, na alifariki Jumamosi tarehe 2 Juni 1984, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini, Bi Afisa amemshika mguu na Hilaria amemshika mkono, kwa mkono wake ule uliopinda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Handeni na Korogwe waliomhudumia wakati hata dawa ya kikohozi ilikuwa ya kutafutwa, inawashukuru majirani wa nyumba zote kumi kwa kuni, maji na kulala nasi hapa chini, inalishukuru duka la kijiji lililotupatia sanda katika miezi hii ambayo hata shuka ya kulalia haionekani, wazee wenzake wa mkonge waliokuja kutoka Mazinde wakiwa wamejazana kwenye trekta, na mabalozi wenzake waliochimba kaburi kwa mikono yao, na mimi nawashukuru kwa kunisikiliza bila kukohoa sana.

Ningekunja karatasi hapa, ila Hilaria amekaa pale mbele, katika kiti kilekile, kilichopanda trekta pamoja na wazee wa Mazinde, ananitazama tangu nilipofika mahali fulani, na marehemu mwenyewe alinionya kitandani, "Stefano, nakujua, ukinisoma usinipambe kama bibi harusi." Basi pumzika kwa amani, Yordani mwana wa Semboja, mama yako akupokee kwa njia ndefu au fupi, vyovyote atakavyo, na kule kugonga mlango, ndugu waombolezaji, nilikuongeza mimi, kwa kumpenda, kwani Yordani alifika ukingo wa barabara akasimama pale akimngoja mshenga, na mlango Hilaria alijifungulia mwenyewe, kwa mkono uliobaki mzima.